Kiti Kwenye Upande wa Pili

Mjomba wangu ana santuri kumi na tano, na zote ni santuri moja. Wageni wachache wanaofika sebuleni kwake huona majalada kumi na tano yamesimama kwenye rafu, yote na picha ileile ya mwavuli uliopinduliwa jangwani, wakauliza kwa adabu kama anauza. Hauzi. Ni albamu ya roki ya zamani, ya wanaume wanne wenye nywele ndefu kuliko zangu, iliyotoka kabla mama yangu hajaota meno. Mjomba hajaoa. Anasema hakupata muda, ingawa muda wa kusikiliza wimbo mmoja mara arobaini aliupata.

Kwa kazi ni fundi mizani. Anazunguka madukani, kliniki na mashine za kusaga akiwa na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kila jiwe kwenye kishimo chake kama yai. Anaweka jiwe, anatazama mshale, anakaza skrubu, anaweka tena. Akiridhika anafunga waya na kuubana kwa lakiri ya risasi, na kuanzia hapo kilo ni kilo, upende usipende. Kazi hiyo imemwachia ugonjwa mmoja: akikutazama tu anakujua uzito. Siku niliyohamia chumba chake cha nyuma, baada ya mimi na stashahada yangu kuachana katikati kwa maelewano mazuri, alisimama mlangoni akiniangalia nikishusha begi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tisini na nne."

"Pamoja na begi?"

"Bila begi."

Rafiki alikuwa naye mmoja tu, kama albamu. Huyo alikuwa karani wa posta, dirisha la vifurushi. Walijuana siku mjomba alipokwenda kupima mizani ya vifurushi, akamkuta karani mnene kama kabati anapiga mluzi, na mluzi wenyewe ni wimbo wa kwanza wa albamu ya Mwavuli. Mjomba alimaliza kufunga lakiri, kisha akapiga mluzi kipande kinachofuata. Karani akafurahi mpaka akapanda juu ya mizani kwa mzaha. "Shuka," mjomba akamwambia, "una mia moja na kumi na nane, hiyo ni ya vifurushi." Kuanzia siku hiyo karani akaitwa Tani, na hakuna mtu pale posta aliyekumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake.

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili saa kumi jioni, mjomba alikuwa nyumbani kwa Tani. Tani ndiye aliyekuwa na mashine nzuri ya santuri, na ndiye aliyekuwa na Mwavuli unaolia vizuri kuliko yote.

Hapo inabidi nieleze, maana hata mimi nilieleweshwa kwa nguvu. Albamu moja hupigwa chapa katika viwanda vingi, na kila kiwanda kina mkono wake. Kingine kinatoa besi kama mtu anayeongea akiwa na blanketi mdomoni, kingine kinatoa sauti kali ya kukata masikio. Hata katika kiwanda kimoja, santuri za kwanza kutoka kwenye chapa mpya zinalia safi, za mwisho zinatoka zimechoka kama nakala ya nakala. Kwa hiyo watu wa aina ya mjomba hawatazami jalada. Wanaitoa santuri, wanaiinamisha kwenye mwanga, na kutafuta kile kipande laini karibu na lebo, pasipo na wimbo, ambapo fundi wa kiwandani alikwaruza namba kwa mkono. Ya Tani ilikuwa na herufi B, namba tatu, na nyota ndogo iliyopinda. Mjomba aliisoma kwa kioo kilekile anachosomea vipimo vya mizani.

Na ya Tani ilikuwa na kiti.

Upande wa pili, kabla ya wimbo wa mwisho, kuna kimya cha sekunde nne. Katika kimya hicho, mjomba alisema, unasikia kiti kinalia, krii, mara moja. Ni mpiga dramu anakaa vizuri, anajiandaa. Santuri nyingine hazina. Chapa imechakaa, sauti ndogo kama hiyo imekufa. Kila Jumapili kimya kilipokaribia, mjomba aliinua kidole cha shahada, akangoja, krii, akakishusha. Miaka kumi na tisa. Hakuwahi kusema kitu, na Tani hakuwahi kuuliza kile kidole ni cha nini. Wanaume wawili wanaweza kukaa hivyo hadi wazikwe.

Siku moja Tani alitembelewa na mkwewe, mume wa binti yake, na mjomba akataka kumfaidisha mgeni. Akaeleza habari ya kiti. Tani akacheka.

"Kiti gani?"

"Kiti cha mpiga dramu. Kabla ya wimbo wa mwisho."

"Ndugu yangu, santuri hii ninayo miaka yote hiyo. Haina kiti."

"Ina kiti. Au masikio yako umeyafuga ya mapambo?"

Mkwe akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu utani wa watu wawili ukipata mtazamaji unageuka mashindano. Tani aliinuka, akairudisha sindano nyuma, akasimama katikati ya chumba na mikono kiunoni kama refa. Wimbo ukaisha. Mjomba akainua kidole. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Wimbo wa mwisho ukaanza. Hakuna kiti.

"Umebadilisha santuri," mjomba akasema.

"Na wewe ni mwongo," Tani akasema.

Mwite fundi mizani mchafu, mwite mchoyo, mwite mzee, atakusamehe. Mjomba alichukua kofia yake. Miaka mitatu ikapita.

Ndani ya miaka hiyo mitatu ndipo zilipoingia zile kumi na tano. Alizitafuta kwa marehemu waliokuwa na watoto wasiopenda vumbi, kwenye minada ya vyombo vya ofisi, kwa mtu mmoja aliyekuwa akiifanya kifuniko cha mtungi wa maji. Kila moja aliiosha kwa maji na sabuni kidogo, akaifuta kwa kitambaa cha kufutia mawe ya shaba, akaisikiliza Jumapili saa kumi, peke yake, akiwa amevaa viatu. Kisha aliandika karatasi ndogo na kuichomeka ndani ya jalada. Nimezisoma zote. "Besi nzito. Mkwaruzo wimbo wa pili. Kiti hakuna." "Safi sana upande wa kwanza. Kiti hakuna." Mbili kati ya hizo zilikuwa na ile B, tatu na nyota. Kwenye karatasi za hizo mbili alibonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Kiti hakuna. Kiti hakuna.

Mwanzoni alijaribu kunitumia mimi.

"Umesikia hapo, sauti ilivyofunguka?"

"Nimesikia gari la takataka, mjomba. Limefika kona."

Akaacha kuniuliza. Sasa najuta kidogo. Haikuwa shida kusema nimesikia. Jumapili zilizofuata nilikuwa nikipita koridoni na ndoo au na nguo za kuanika, namwona kupitia mlango uliofunguliwa nusu: mtu mmoja kwenye kochi la watu watatu, amekaa upande mmoja kabisa, kana kwamba upande mwingine pana mtu.

Mwezi uliopita alirudi kutoka posta, alikokwenda kukagua mizani, akavua kofia na kuishika bila kuitundika.

"Wanasema Tani aliugua."

"Pole yake. Anaendeleaje?"

"Binti yake anamchukua akaishi naye. Mji mwingine. Mwisho wa mwezi." Akaitundika kofia, ikaanguka, akaiacha. "Santuri itakwenda naye."

Nikamwambia aende akamwone. Akanitazama kama nimeweka kidole kwenye mizani. Siku mbili baadaye akaja kugonga chumbani kwangu, yeye ambaye huniita kwa kukohoa.

"Nenda wewe. Muulize kama anaweza kuniazima kwa siku moja. Nataka kuisikia mara moja tu, nijue sikuwa mwongo. Usiseme nimesema hivyo."

"Niseme nini?"

"Sema unaipenda wewe."

"Mjomba, nitachekwa barabara nzima."

Nilienda asubuhi ya Jumatano. Mlango ulifunguliwa na binti wa Tani, mwanamke mwenye kilemba na utepe wa kufungia maboksi mkononi. Tani hakuwepo, yule mkwewe alikuwa amempeleka kliniki. Sebule ilikuwa nusu ndani ya maboksi. Nikaanza uongo wangu, eti mimi ni mpenzi mkubwa wa roki, akanikatiza.

"Wewe ni mpwa wa fundi mizani."

"Ndiyo, dada."

"Basi subiri." Akaenda nyuma ya kabati na kurudi na kifurushi bapa cha mraba. Kilifungwa kwa karatasi ya kaki na kamba mara mbili, fundo lile la posta lisilofunguka hata kwa meno. Juu yake kulikuwa na jina la mjomba na anuani yake, mwandiko mzuri wa karani, na pembeni uzito kwa gramu. Stempu ndizo hazikuwepo. "Alikifunga mwaka juzi," akasema. "Kila akitaka kukituma anasema kesho. Kaa kidogo nikupe maji."

Kiti kilichokuwa hakina boksi juu yake kilikuwa kimoja, kiti cha mbao chenye mikono, kimekaa mbele ya mashine ya santuri. Mtu wa kilo tisini na nne hukaa kwenye viti vya watu akiwa na dua. Nikajishusha taratibu, nikaegemea.

Krii.

Nikaruka. "Dada, samahani, nadhani nimekivunja."

"Aa, kaa tu!" akapaza sauti kutoka jikoni. "Kinalia hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Baba ana mtindo wake, wimbo ukikaribia kwisha anajivuta mbele, anangoja, kisha anajitupa nyuma kusikiliza wa mwisho. Sisi hata hatukisikii tena."

Nikakaa tena. Krii. Nikanywa maji yangu yote bila kiu.

Njiani nilijadiliana na nafsi yangu kama nimwambie. Mtu ametumia miaka mitatu kutafuta kiti kwenye mifereji ya santuri, halafu mimi, ambaye sijui besi na trebo, nimekipata kwa makalio. Nilipofika alikuwa amekwishawasha mashine. Alikipokea kifurushi, akasoma ule uzito pembeni, akakipima kwa kiganja, akatikisa kichwa kukubali: Tani hajasahau kazi. Fundo alilifungua kwa bisibisi ndogo ya skrubu za mizani, hakulikata. B, tatu, nyota iliyopinda. Akaweka upande wa pili.

Sitasema ilikuwa na sauti gani. Hata mimi nilisikia kwamba zile nyingine kumi na tano zilikuwa zinaimbia ndani ya ndoo. Mjomba alifumba macho. Ulipofika ule wakati akainua kidole. Moja, mbili, tatu, nne.

Kidole kikabaki hewani wimbo mzima wa mwisho.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Namba ndiyo, nyota ndiyo. Imekwenda wapi?"

Nikamwambia. Nikamweleza kiti cha mbao, binti, Tani kujivuta mbele na kujitupa nyuma. Nilijaribu kutia mzaha kuhusu uzito wangu, ukanifia mdomoni.

Aliifuta santuri ambayo haikuwa na vumbi.

"Siku ile alikuwa amesimama," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mjomba."

"Alikuwa amesimama, mikono kiunoni." Akairudisha santuri ndani ya jalada. "Jumapili tunakwenda. Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia hakukuwa na mwongo kati yetu, kilikuwa ni kiti chako, bwana. Atacheka mpaka akivunje."

Siku tatu zile alikuwa mtu mwingine. Alinyoa Alhamisi, akanyoa tena Jumamosi. Nilimsikia bafuni akifanya mazoezi: "Bwana Tani, mimi ni fundi, nikikosea nasema nimekosea." Mara akicheka peke yake. Jumapili saa kumi kasoro tulikuwa mlangoni, yeye na santuri kwapani, mimi nyuma kama shahidi wa upande wa mashtaka.

Aliyefungua alikuwa Tani mwenyewe.

Sikuwa nimewahi kumwona, nilimjua kwa masimulizi tu, na mtu niliyesimuliwa hakuwa huyu. Huyu alikuwa na fimbo, na shati lililoning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Alitabasamu. Mjomba hakujibu tabasamu mara moja. Nikamwona anamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kule kutazama kwake, na midomo yake ikasogea bila sauti. Namjua. Sitini na saba.

"Karibu, fundi. Umechelewa miaka mitatu na dakika mbili."

"Foleni," mjomba akasema.

Wakashikana mikono na kutoiachia. Mimi nilipewa boksi la vitabu nikalie, boksi halikulalamika. Mjomba alikaa kwenye stuli, Tani kwenye kiti chake, akijishusha kwa mikono yote miwili.

"Tani, nimekuja na neno," mjomba akaanza.

"Neno baadaye. Weka kwanza upande wa pili."

Akaweka. Tani alikuwa anapiga mluzi kidogo pale anapoweza, pumzi ikimwishia njiani. Wimbo wa kabla ya mwisho ulipokuwa unamalizika, akajivuta mbele, kama binti yake alivyosema, akangoja. Mjomba akainua kidole. Nami nikajikuta naomba mbao za watu zipasuke.

Kimya. Tani akajitupa nyuma.

Kiti hakikusema kitu. Kilichozoea kilo mia moja na kumi na nane hakikujua kama kuna mtu aliyekaa.

Na katika kimya hicho, kabla dramu hazijaingia, Tani akamgeukia mjomba, macho yamejaa maji.

"Nimeisikia," akasema. "Kweli ipo. Mpiga dramu amekaa. Nisamehe, ndugu yangu, nilikuita mwongo na ilikuwepo siku zote."

Mjomba alifungua mdomo. Neno alilolifanyia mazoezi siku tatu lilikuwa pale pale, nililiona. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuongeza gramu moja kwenye mizani ya mtu yeyote, awe tajiri au jamaa. Akashusha kidole, akakiweka juu ya goti.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Mimi pia nimeisikia."

Walisikiliza wimbo wa mwisho hadi sindano ikaanza kuzunguka kwenye kile kipande laini chenye namba, chik, chik, chik, na hakuna aliyeinuka kuitoa. Tani alikuwa anatabasamu. Mjomba alikuwa anatazama mguu wa kile kiti.

Tulipoaga, Tani akamrudishia santuri. "Kaa nayo. Wewe ndiye mwenye masikio." Binti yake alikuwa anapita na utepe wake, akasema kesho kutwa lori linakuja, na vyombo vya zamani kama hiki kiti wanaviacha, mwenye nyumba atajua pa kuvitupa. Nikafungua mdomo nikiombe. Mjomba akanikanyaga mguu, kwa kisigino, bila kunitazama.

Nje nilichechemea hadi kona.

"Kwa nini hukukiomba?"

"Ningesema ni cha nini?"

Tukatembea. Nikasema, "Tungekiweka sebuleni. Ningekikalia mimi kila Jumapili, bure kabisa. Najua mahali pa kujitupa."

Alifikiri kweli, kwa heshima, kama alivyofikiria mizani ya kila mtu.

"Wewe tisini na nne," akasema. "Haiwezi kuwa sauti ileile."

Santuri ni kumi na sita sasa. Ya kumi na sita haina karatasi ndani ya jalada. Jumapili iliyopita nilipita koridoni na ndoo, upande wa pili ulikuwa unaisha, nikasimama. Alikuwa kwenye kochi, upande wake uleule, viatu miguuni. Wimbo ukakatika. Akainua kidole, akangoja zile sekunde nne, akakishusha kwa wakati wake kamili.